Amerudi kutoka Saudia: jirani anayetaka kusaidia aanzie wapi?

*Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nina kibanda cha M-Pesa hapa Ukunda. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwatolea wazee pesa wanazotumiwa na mabinti zao walioko Riyadh, Jeddah na Dammam. Siku hizi wenyewe wanarudi, wengine na begi moja tu, mmoja amerudi na mtoto. Wanajifungia ndani. Nataka kujitolea niwasaidie wakae sawa na watu wao. Nimefikiria nianze kwa kuitisha mchango tuwape mtaji. Je, nianzie hapo? Nitawafikiaje bila kuwaaibisha? Na ni lazima niwe na cheti cha ushauri nasaha?*

Dadangu, nianze na hilo la mtaji, maana ndilo linalomjia kwanza kila mwenye moyo wa kusaidia, na ndilo ninalokuomba uliweke kando kwa sasa.

Mwanamke aliyerudi juzi hana mahali pa kuuweka mtaji wako. Ukimpa elfu kumi leo, kesho kuna mdogo wake aliyefukuzwa shule kwa karo, kuna mtu aliyemkopesha nauli ya kwenda Nairobi kwenye vipimo kabla hajasafiri, kuna mama mwenye dawa za presha. Atazitoa zote, na akimaliza kuzitoa atakuwa palepale alipokuwa, ila sasa ana deni la heshima kwako. Siku biashara uliyotaka aifungue isipofunguka, atakukwepa njiani. Nimeliona hili likirudiwa na vikundi vyenye nia njema kabisa, na mara nyingi anayelaumiwa mwisho wa yote ni huyo mwanamke: "Amesaidiwa, hasaidiki."

Kabla ya pesa, fahamu kwanza hesabu ambayo mtaa umeshamfanyia. Mkataba wa kazi za nyumbani Saudia kwa kawaida ni wa miaka 2, na mshahara wanaoahidiwa wengi ni riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi, yaani shilingi elfu thelathini na kitu za Kenya. Mtaa unapiga elfu thelathini mara miezi 24, unapata laki saba na ushei. Hakuna anayetoa miezi ambayo mshahara ulizuiwa, wala simu aliyolazimika kuinunua mara mbili, wala zile pesa ambazo wewe mwenyewe uliwahesabia wazee pale kibandani zikaenda kwenye matanga, mabati na ada za watoto wa ndugu. Kwa hiyo anapofika na begi moja, majirani wanabaki na majibu mawili tu: ama amezila mwenyewe, ama anazificha. Naye anapouliza kuhusu kiwanja alichokuwa akikilipia, anakuta hati imeandikwa jina la kaka, au hakuna hati wala kiwanja.

Ndiyo maana nasema kazi unayoitaka haiko kwa mwanamke huyo peke yake. Nusu yake, au zaidi, iko kwa nyumba iliyompokea. Na wewe ambaye huna ofisi wala bajeti, kinachokufaa zaidi kufanya ni kumsindikiza: kuketi naye, kwenda naye mahali ambapo hathubutu kwenda peke yake, na kuzungumza na wa nyumbani mwake mambo ambayo yeye bado hawezi kuyatamka. Yaonekana madogo. Lakini mashirika yenye magari na miradi hayawezi kuyafanya, kwa sababu hayaishi mtaani kwenu.

Sasa la kuwafikia. Hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa ajili ya kazi yako. Unajua ni nani alikuwa akitumiwa, kiasi gani, na ni mwezi gani pesa zilikatika. Usiitumie habari hiyo kubisha mlango wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za wateja azitumie kwa kazi aliyopewa tu, na hata kama isingekuwepo sheria, siku watu watakapohisi kwamba Mama M-Pesa anajua siri zao na anazitembelea nazo, umekosa wateja na umekosa kazi ya kujitolea pia. Jifanye hujui. Mwache mwenyewe, au mama yake, akwambie.

Tena usiitishe mkutano wa "waliorudi". Kwale, kaunti yenu, ina historia yake. Baada ya shambulio la Garissa la Aprili 2015, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab Somalia wakijisalimisha, na tangu hapo mtu akisikia "waliorejea" katika baadhi ya vijiji vya Pwani hafikirii wahudumu wa nyumba waliotoka Riyadh. Anafikiria polisi wanaopiga milango usiku. Ukibandika tangazo la kikundi cha waliorejea kwenye ukuta wa duka, hakuna mama atakayemruhusu binti yake aje, na mzee wa kijiji atakuita akuhoji. Yaani utakuwa umeanza kazi kwa kujieleza.

Njia iliyo salama ni ile ya kawaida ya Pwani. Mtu akirudi kutoka safari, watu huenda kumwona. Nenda nawe kama jirani, baada ya alasiri, wewe na mwenzako mmoja, na pakiti ya sukari. Amkia wazee, keti na mama mwenye nyumba, mpe binti pole ya safari, kunywa chai, ondoka. Usiulize umeleta nini. Usiulize ulifanywa nini huko. Usiketi mpaka magharibi. Siku nyingine ukipita utamsalimia, na safari ya tatu au ya nne huenda akakusindikiza mpaka barabarani. Hapo barabarani ndipo mazungumzo yanapoanzia, kwa sababu ndani ya nyumba kuna masikio.

Zipo pia njia zilizokwisha kufunguliwa na wengine. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaingia kila nyumba na hakuna anayemshangaa. Ustadhati wa madrasa ya wanawake, mama wa kikundi cha kanisani, mweka hazina wa chama: hawa wakijua kwamba upo na unaweza kumpeleka mtu ofisi fulani, watalitaja jina lako pale linapohitajika, nawe hutakuwa umemkimbilia mtu.

Akianza kuzungumza, una kanuni moja ya kushika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu wasio madaktari, na msingi wake ni mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama na kama ana hitaji la haraka. Sikiliza bila kumchimba. Muunganishe na anayeweza kumsaidia. Hakuna mahali mwongozo huo unapokutaka umfanye asimulie yaliyompata tangu mwanzo hadi mwisho, na yapo mambo ambayo kusimuliwa mapema, kwa mtu asiyejua la kuyafanyia, humrudisha mtu kwenye chumba kilekile alichotoroka. Akinyamaza, nyamaza naye. Kama mnachambua mchicha, endeleeni kuchambua.

Nikuonyeshe jinsi mambo haya yanavyoonekana kwa karibu. Mwanamke mmoja niliyepata kumhudumia upande wa Kilifi alikuwa akiamka saa tisa usiku na kuanza kupiga deki. Nyumba ya sakafu ya saruji, vyumba viwili, anapiga deki mpaka alfajiri, kisha anapanga viatu vya watu wote mlangoni kwa ukubwa. Simu ikilia, hata kama si yake, anasimama wima. Mamake aliamini ni jini amerudi naye kutoka Uarabuni, akaanza kutafuta wa kumpunga. Alipopata mtu wa kuketi naye, alieleza kwa sentensi moja tu: kule, saa tisa ndiyo ilikuwa zamu ya kuosha vibaraza kabla madamu hajaamka, na akichelewa hukosa chakula. Mwili wake ulikuwa bado uko kazini.

Utakutana na majini mengi katika kazi hii, na ushauri wangu ni kwamba usibishane na mama mtu. Kombe (maandishi ya Kurani yanayooshwa na kunywewa) na ruqya (kusomewa Kurani) havimzuii mtu kwenda kliniki, na dua ya mama ina faida ambayo mimi na wewe hatuwezi kuitoa kwa dawa. Mwambie: "Msomeeni, na kesho twende naye hospitali ya Msambweni pia." Mahali pa kukataa kabisa ni pale anapofungwa kamba, anapopigwa, anaponyimwa chakula au anapopelekwa kwa mtu anayetaka kubaki naye peke yake siku kadhaa. Hapo humwachi, na humwiti mganga mwingine, unamwita afisa wa jamii au chifu.

Kuna dalili ambazo hazingoji ziara ya pili. Akisema maisha hayana maana tena, akianza kugawa nguo zake, akikataa kumshika mwanawe, akisikia sauti, akiacha kula kwa siku, huyo ni wa hospitali leo. Laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupigwa bila malipo kwa ushauri, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Familia nyingi zinaogopa kumpeleka aliyejaribu kujiua kwa kuhofia atashtakiwa. Waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Na kama kuna alichotendewa kimwili huko, hata kama ni miezi mingi iliyopita, Hospitali Kuu ya Pwani kule Mombasa ina kituo cha waliodhulumiwa kijinsia. Hahitaji kufika na barua ya polisi ili apimwe na kutibiwa.

Nije kwenye makaratasi, ambayo ndiyo sehemu ambayo mtu wa kujitolea mwenye kichwa kitulivu anaweza kubadili maisha ya mwenzake bila hata shilingi.

Mwombe, akiwa tayari, mkusanye kila kitu ndani ya bahasha moja: mkataba, nakala ya iqama (kibali cha makazi cha Saudia) kama anayo, ukurasa wa viza kwenye pasipoti, tiketi, risiti za kutuma pesa, jumbe za WhatsApp za ajenti, hata picha ya mlango wa nyumba aliyofanyia kazi. Jumbe za sauti zihifadhiwe mahali pengine mbali na simu yake, maana simu hupotea na nyingine huuzwa njaa ikizidi. Kama alidhulumiwa mshahara, madai ya kazi chini ya Sheria ya Ajira ya 2007 yana ukomo wa miaka 3. Wengi hukaa ndani miaka miwili wakijiona wao ndio wakosaji, na wakija kuamka muda umebaki kidogo. Sheria hiyohiyo inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uthibitishwe na afisa wa kazi. Kama wake haukuthibitishwa, hilo ni swali la kumuuliza ajenti, na la kuulizwa na afisa wa kazi wala si na wewe.

Hapo kwa ajenti nisisitize. Mara nyingi ajenti si mgeni wa Nairobi mwenye tai. Ni shangazi wa mtu, ni jirani aliyelipwa kwa kila kichwa alichopeleka, ni mwanachama wa chama chenu. Usimfuate, usimtaje kwenye WhatsApp ya mtaa, usimtishe. Kazi yako ni kumfikisha mwenye madai kwenye meza inayostahili: ofisi ya kazi, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kama kulikuwa na udanganyifu, kunyang'anywa pasipoti na kufungiwa, kitengo cha polisi cha kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, ambacho kina ofisi Mombasa. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji wa binadamu ni kali: kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Na kuna jambo ambalo wanawake wengi hawalijui, kwamba kukubali kwao kupanda ndege hakumwondolei hatia mtu aliyewadanganya. Ukimwambia hilo tu, utamwona anavyokaa vizuri kitini.

Wengine watakwambia kwa sauti ya chini kwamba walikuwa makemboi, yaani walitoroka kwa mwajiri wakaishi bila karatasi wakifanya vibarua. Usishtuke, na usianze kutoa mawaidha. Chini ya mfumo wa kafala, yaani udhamini wa mwajiri, kibali cha makazi cha mfanyakazi kilikuwa mikononi mwa kafili, yaani huyo mwajiri. Mabadiliko ya Saudia ya Machi 2021 yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi kubadili mwajiri na kutoka nchini bila ruhusa yake hayakuwagusa wahudumu wa nyumba. Mtu aliyefungiwa ndani akapata mlango wazi alikuwa na machaguo machache sana.

Sasa huyo aliyerudi na mtoto. Hapa ndipo kusindikiza kunapoonekana thamani yake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto aliyezaliwa kule na mama asiye na ndoa inayotambuliwa mara nyingi huja bila cheti cha kuzaliwa. Pengine ana karatasi ya hospitali ya Kiarabu, pengine hana hata hiyo, ana hati ya dharura ya kusafiria tu. Mama anaamini mtoto si Mkenya. Si kweli. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Baba hatakiwi kuwepo wala kutajwa ili uraia upatikane. Haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa imo tena kwenye Ibara ya 53. Kwa hiyo mlango upo. Kinachomzuia ni ukumbi wenyewe.

Fikiria ofisi ya chifu siku ya Jumatatu. Benchi moja limejaa, dirisha liko wazi, karani ana sauti ya mnadani. "Mtoto kazaliwa wapi? Saudia? Baba yake nani? Mwarabu?" Benchi zima linageuka. Mama anamfunika mtoto uso na leso, anasema atarudi kesho, na harudi tena. Mwaka wa shule unafika, mwalimu anataka cheti, mtoto anabaki nyumbani, na mtaa unaona uthibitisho wa kila ulichokuwa ukikisema.

Msindikizaji mzuri huenda ofisini humo siku moja kabla, peke yake. Anamwona chifu au naibu wake faraghani, anaeleza bila kutaja jina kwamba kesho kuna mama ana jambo la mtoto aliyezaliwa nje, anaomba apewe saa ya asubuhi kabla ya msururu na aulizwe ndani, mlango umefungwa. Anauliza ni karatasi gani zinahitajika, anaziandika, na asipoelewa anauliza tena. Hali kadhalika kwa afisa wa watoto. Kesho yake anaketi karibu na mama huyo, hasemi kwa niaba yake isipokuwa akiombwa. Wakitoka, wanakunywa maji ya dafu, na anamkumbusha ni lini wataitwa tena. Ni hayo tu. Nimewaona watu wenye shahada wakishindwa kuyafanya kwa sababu walitaka kumwombea mama haki yake kwa kelele mbele ya benchi lilelile.

Kwa upande wa nyumbani, watoto walioachwa kwa bibi ndio jeraha linalosahauliwa. Mtoto aliyeachwa ana mwaka mmoja sasa ana minne, anamwita bibi mama, na huyu aliyekuja anamwita "anti". Mama hukimbilia kumchukua, kumlaza kitandani kwake, kumtandika akikataa. Mwambie taratibu kwamba mtoto hamkatai, hamjui. Mtoto aendelee kulala alipozoea, mama amwogeshe, amlishe, ampeleke madrasa, mpaka mtoto mwenyewe ahamie. Na bibi naye usimsahau, ana huzuni yake: amelea miaka mitatu na sasa anaambiwa arudishe.

La kiwanja na pesa zilizoliwa usiliingie. Kama mwanamke anataka lizungumzwe, msaidie amchague mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote, awe mjomba, imamu au mchungaji, na waketi siku ambayo hakuna msiba wala harusi. Wewe usiwe hakimu katika nyumba ya watu. Ukihukumu, kaka mtu atafunga mlango, na mlango huo ndio uliokuwa ukipitia.

Baada ya hayo yote, ndipo tuzungumze riziki. Huenda ni miezi mitatu, huenda ni zaidi, utaiona mwenyewe: ameanza kulala, anatoka kwenda sokoni, anakasirika kwa mambo madogo kama watu wengine. Watu wengi watamsukuma kwenye biashara ileile: madera, mahamri, viazi karai. Si vibaya, lakini Ukunda ina madera kuliko wanunuzi. Muulize anajua nini sasa ambacho hakukijua alipoondoka. Mmoja ametunza mzee mwenye kiharusi kwa miaka miwili, anajua kumgeuza, kumlisha, kumpa dawa kwa saa. Mwingine anapika kabsa na mandi kwa watu ishirini bila jasho. Mwingine anazungumza Kiarabu kuliko ustadhi wake wa zamani. Diani ina mahoteli na nyumba za kukodisha zinazotafuta watu wa usafi na jikoni wanaojua kazi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa watu waliojifunzia kazini bila kukaa darasani, na cheti chake hufungua mlango ambao maneno matupu hayafungui. Hapo ndipo mchango wako wa pesa ungefaa: ada ya mtihani, nauli, aproni. Kitu kinachojulikana kina mwisho.

Akitaka kikundi, aingie kwenye chama kilichopo, chenye mama ntilie na wauza samaki na mtu mmoja wawili waliorudi. Usitengeneze chama cha waliorudi tu. Kwanza watakaa wakisimuliana yaleyale. Pili, majirani ambao hawakuenda popote, na ambao nao wana njaa, wataanza kuuliza kwa nini msaada hupewa waliopanda ndege. Mashirika makubwa yanayofanya kazi hii, likiwemo Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, yalishajifunza kuweka wenyeji na waliorudi katika mradi mmoja kwa sababu hiyohiyo. Kikundi kikitaka kutambuliwa, kinasajiliwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, na usajili huo ndio huulizwa mkitaka mkopo wa Hazina ya Wanawake.

Kuhusu cheti: hapana, si lazima. Ila usijiite mshauri nasaha, maana hiyo ni taaluma yenye masomo yake. Tafuta mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliza tawi la Msalaba Mwekundu la kaunti. Jiandikishe kama mtu wa kujitolea chini ya shirika au kikundi kilichosajiliwa kinachohusika na wanawake au watoto, upate barua ya kukutambulisha na mtu wa kumpigia jambo likikuzidi. Chifu akujue. Usiende nyumba ngeni peke yako. Weka saa ya kupokea simu, na baada ya saa hiyo uzime, kwa sababu ukiwa macho kila usiku kwa ajili ya watu, wewe mwenyewe utaanza kupiga deki saa tisa.

Na kwa kuwa una kibanda, kuna mambo yako mwenyewe. Usimwekee mtu akiba kwenye laini yako, hata akikuomba kwa machozi kwamba nyumbani watamla. Mfungulie njia ya kuweka mwenyewe kwa jina lake, kwa nambari ya siri anayoijua yeye tu. Usishike pasipoti ya mtu. Usipige picha, hata ya furaha, hata ya siku ya kupokea cherehani. Kuna wanaopenda kurusha simulizi hizi TikTok ili "jamii ielimike", na mwanamke huyo anabaki na uso wake mtandaoni miaka yote ijayo, mumewe wa baadaye na mwanawe wakiuona. Daftari lako liwe na tarehe na jambo la kufuatilia, majina yasiwemo.

Mwisho, jitayarishe kwa jambo litakaloudhi moyo wako: baadhi yao watataka kurudi. Pengine si Saudia, watasema Qatar au Dubai, lakini watataka kwenda. Usiwatie hatiani. Mtu mwenye watoto watatu na bila kazi anafanya hesabu yake kama wewe unavyofanya yako. Mwache aamue, na umsaidie aende kwa macho wazi. Amuombe ajenti nambari ya leseni, ailinganishe yeye mwenyewe kwa simu yake na orodha ya waliosajiliwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Asisaini karatasi ya Kiarabu asiyoielewa. Aache nakala ya mkataba, pasipoti na namba ya mwajiri kwa mtu anayemwamini. Akiambiwa aende kwa viza ya matembezi na kazi ataikuta hukohuko, basi asipande ndege hiyo.